Mafundi wa Vioo vya Rangi katika Uingereza

Mtu apitaye nje ya kanisa kuu la York, kaskazini mwa Uingereza, haoni uzuri mwingi katika madirisha yake. Aonacho ni vioo vyeusi-vyeusi, vimeunganishwa kwa mistari ya risasi kama matundu ya wavu. Lakini akiingia ndani na kuyatazama madirisha yale yale, jua likiwa upande wa pili, hudhani ameingia mahali pengine kabisa. Weusi umekwisha. Nyekundu yawaka kama makaa, buluu ni kama bahari ya adhuhuri, na kijani ni kama shamba la mpunga baada ya mvua. Rangi hizo huanguka hata sakafuni, na mtoto akinyosha mkono huona kiganja chake kimegeuka rangi, ingawa hakushika kitu.

Picha iliyochorwa katika karatasi huonekana kwa nuru iipigayo usoni. Picha ya kioo huonekana kwa nuru ipitayo ndani yake. Mtoto aliyepata kuokota kigae cha chupa ya kijani na kukiinua mbele ya jua amekwisha kuijua siri ya kwanza ya kazi hii. Siri zilizobaki ziliwachukua watu miaka mingi kuzipata, na zaidi ya mara moja Waingereza waliokuwa wamekwisha kuzijua walizisahau, ikawapasa kwenda kuziuliza tena ng'ambo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa hivyo. Karibu na mwaka wa 670 Askofu Wilfrid alilikuta kanisa la York katika hali mbaya. Paa lilivuja, na kwa kuwa madirisha yalikuwa wazi, ndege waliruka ndani na nje kama wapendavyo, wakazichafua kuta. Wilfrid akalitengeneza paa, akatia vioo madirishani, ili mvua na ndege wasipate njia, wala nuru isizuiliwe. Miaka michache baadaye, mwaka wa 674, mtawa Benedict Biscop alianza kujenga nyumba ya watawa huko Wearmouth, karibu na pwani ya kaskazini-mashariki. Alitaka kanisa la mawe lenye madirisha ya vioo, lakini hakumpata mtu wa nchi ile ajuaye kufanya kioo. Basi akatuma wajumbe kuvuka bahari mpaka nchi ambayo leo huitwa Ufaransa, nao wakarudi na mafundi. Habari hizi za Benedict zajulikana kwa sababu ziliandikwa na Bede, ambaye alipelekwa kwa watawa hao alipokuwa mtoto wa miaka saba, akakaa nao mpaka alipokufa mwaka wa 735. Bede asema kwamba wageni wale hawakuimaliza kazi na kwenda zao tu, bali waliwafundisha Waingereza kazi yao.

Lakini mafundisho hayo hayakudumu. Mwaka wa 764 mkuu wa watawa wale wale aliandika barua kwa askofu wa Mainz, katika Ujerumani, akimwomba ampelekee fundi wa kufanya vyombo vya kioo, maana kwao hakuna ajuaye kazi hiyo tena. Hazijapita hata miaka mia tangu siku za Benedict! Vioo vyenyewe vilidumu kuliko ujuzi. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipochimba mahali pale na katika nyumba ya pili ya watawa hao huko Jarrow, katika miaka ya 1960 na 1970, walikuta chini ya udongo vigae vingi vya madirisha, vya buluu, vya kijani na vya rangi ya asali. Baadhi yake vimepangwa tena katika dirisha dogo la kanisa la Jarrow, na jua hupita ndani yake kama lilivyopita zamani za Bede.

Kioo hutokana na vitu vya kudharauliwa, yaani mchanga na majivu. Katika karne ya kumi na mbili mtawa mmoja aliyejiita Theophilus aliandika kitabu cha kazi za mikono, akaeleza yote kwa utaratibu kama mtu aliyekwisha kuungua vidole vyake mwenyewe. Asema, twaa mafungu mawili ya majivu ya kuni na fungu moja la mchanga safi, uvichanganye, uvitie katika vyungu vya udongo ndani ya tanuru, uchochee moto usiku na mchana mpaka viyeyuke. Ndipo fundi huchovya ncha ya bomba refu la chuma katika ule uji wa moto, akapuliza, na donge likavimba kama kibofu. Hulizungusha na kulirefusha mpaka liwe kama gogo lenye uwazi ndani. Kisha hukata ncha zake mbili, hulipasua ubavuni, na kulirudisha motoni lipate kufunguka na kulala kama jani la mgomba lililokunjuliwa.

Rangi hutiwa katika uji huo kabla haujapulizwa. Madini ya kobalti huleta buluu. Shaba huleta nyekundu au kijani, kwa kadiri moto unavyotawaliwa. Manganisi huleta zambarau, na ikitiwa kidogo tu huleta rangi ya ngozi ya Mzungu, nayo ilitumiwa sana kwa nyuso za watakatifu. Nyekundu ndiyo iliyokuwa na taabu kuliko zote. Kioo chote kikiwa chekundu, hata kama si kinene, nuru haipiti, nacho huonekana cheusi. Kwa hiyo mafundi walijifunza kukivika kioo cheupe utando mwembamba wa nyekundu, kama ganda la kitunguu. Waliokuja baadaye waliona faida nyingine, kwamba utando huo ukikwanguliwa mahali fulani, kioo cheupe hutokea. Kwa njia hiyo waliweza kuonyesha simba mweupe juu ya ngao nyekundu bila kukata kioo vipande viwili.

Kioo cheupe kilifanywa katika Uingereza yenyewe, katika misitu ya kusini penye mchanga na kuni nyingi, na hasa Chiddingfold, ambako fundi aitwaye Laurence alikuwa na kazi yake karibu na mwaka wa 1226. Hakikuwa cheupe sana, maana chuma kilichomo katika mchanga hukitia ukijani. Lakini vioo vya rangi vililetwa kwa jahazi kutoka Ufaransa na Ujerumani. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa wengi hudhani kwamba kila kilichomo katika dirisha la Kiingereza ni cha Kiingereza.

Sasa dirisha lafanywaje? Katika zamani hizo karatasi ilikuwa haba, kwa hiyo fundi mkuu alitwaa meza pana ya mbao, akaipaka chokaa, akachora juu yake picha nzima kwa ukubwa wake halisi, na kutia alama ya rangi ya kila kipande. Wakataji waliweka kioo juu ya mchoro na kuufuata kwa chuma chenye moto. Kioo kikisikia moto mahali pamoja hupasuka, na mkono wenye ujuzi huuongoza ufa upite unakotakiwa. Kingo zilizobaki ziliguguna-gugunwa kwa chuma chenye pengo mpaka kipande kikafuata mstari barabara. Mpaka leo vipande vya kale hujulikana kwa kingo zao zilizotafunwa kama na panya.

Ndipo kazi ya mchoraji. Yeye hakuwa na rangi ila moja, nyeusi au ya kahawia, iliyosagwa kwa vumbi la shaba au chuma na kioo, ikakorogwa kwa divai au mkojo na gundi. Kwa rangi hiyo alichora macho, vidole, mikunjo ya nguo na maandiko. Alipotaka nuru itokee mahali palipopakwa, alikwangua kwa ncha ya mti. Kisha vipande vilipangwa katika tanuru na kuchomwa mpaka rangi ikashikamana na kioo na kuwa kitu kimoja. Moto ukipungua, rangi itabambuka baada ya miaka michache. Ukizidi, vipande vyote vitapinda na kuharibika. Wala hawakuwa na chombo cha kupimia moto ila macho yao.

Mwisho, vipande vilirudishwa mezani na kuungwa kwa fito za risasi, ambazo zina mfereji kila upande wa kuingiza ukingo wa kioo. Risasi ni laini, hupindika kwa mkono, kwa hiyo hufuata kila kona. Penye maungo fundi alitia lehemu. Baada ya kujaza nafasi zote ili mvua isiingie, mafundi waliipandisha kazi dirishani na kuifunga kwa vyuma vilivyopita toka ukuta hata ukuta, maana upepo wa Uingereza husukuma dirisha kubwa kama tanga. Mstari mweusi wa risasi ni sehemu ya picha yenyewe. Fundi mwema huupitisha mahali ambapo mchoraji angepaka mstari hata hivyo, kama shingoni au penye pindo la kanzu, naye fundi mbaya huupitisha katikati ya uso.

Mwaka wa 1351 Mfalme Edward wa Tatu alitaka madirisha kwa kanisa la Mtakatifu Stefano katika jumba lake la Westminster, na makarani wake waliandika kila peni iliyotoka. Kanisa lile liliungua mwaka wa 1834, na vioo vyake vimepotea, daftari imebaki. Yaonyesha kwamba mabwana waliochora mezani, na mkubwa wao John wa Chester, walipata shilingi moja kwa siku, wapakaji rangi peni saba, wakataji peni sita, na wasagaji wa rangi pungufu ya hapo. Imeandikwa pia kwamba ilinunuliwa pombe ya kuoshea zile meza za kuchorea. Kama yote ilitumika kwa meza, daftari haisemi.

Vioo vilivyo vya kale kuliko vyote katika makanisa makubwa ya Uingereza vimo katika Canterbury, kusini-mashariki. Sehemu ya kanisa hilo iliungua mwaka wa 1174, ikajengwa upya, na madirisha mapya yakatiwa. Miongoni mwa sura zake yumo Adamu akilima. Amevaa ngozi, miguu yake haina viatu, ameshika jembe la mti lenye ncha ya chuma, na mgongo wake umeinama kama ule wa mtu aliyeanza kazi tangu alfajiri. Aliyemchora alikuwa amewatazama wakulima vizuri. Kwa miaka mingi wenye elimu walidhani kwamba hakuna kioo kilichosalimika katika moto ule. Lakini mwaka wa 2021 wataalamu kutoka London walipeleka chombo kidogo cha kupima madini yaliyomo katika kioo bila kukitoa mahali pake, wakaona kwamba baadhi ya sura za wazee wa Biblia, kama nabii Nathani, huenda zilifanywa kati ya 1130 na 1160. Yamkini watu waliviokoa vioo hivyo motoni, au walivikuta vizima, wakavitumia tena.

Katika Canterbury kuna pia madirisha ya Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa hilo mwaka wa 1170. Hayaonyeshi wafalme na manabii, bali watu wa kawaida waliosema kwamba waliponywa kaburini pake. Mwenye wazimu mmoja, Henry wa Fordwich, aletwa mikono imefungwa nyuma, na watu wampiga kwa fimbo. Katika kipande kifuatacho amepiga magoti, ana akili zake, na fimbo na kamba zimetupwa chini. William wa Gloucester, aliyekuwa akichimba mtaro wa mabomba ya maji, aangukiwa na udongo na kuzikwa hai, kisha wenzake wamchimbua. Maelfu ya watu walikwenda huko kwa miguu, na wengi wao hawakujua kusoma.

Kwa sababu hiyo husemwa mara nyingi kwamba madirisha yalikuwa kitabu cha maskini. Neno hili ni kweli, lakini si kweli yote. Picha nyingi ziko juu sana hata mwenye macho makali hawezi kujua ni nani aliyechorwa, na mafundi walijua hivyo, wala hawakupunguza juhudi yao.

Karibu na mwaka wa 1300 ilitokea siri mpya, kwanza Ufaransa, na mara baadaye York. Fundi akipaka dawa ya fedha nyuma ya kioo cheupe na kukichoma, fedha huingia ndani ya kioo na kukigeuza rangi ya manjano, toka ile ya limau mpaka ile ya dhahabu. Kabla ya hapo malaika mwenye nywele za dhahabu alitaka kipande kimoja kwa uso na kingine kwa nywele, na risasi katikati. Sasa kipande kimoja kilitosha. Jina la Kiingereza la kazi hii yote limetokana na neno la kutia doa, lakini kwa kweli rangi hii ya fedha peke yake ndiyo iingiayo katika kioo kama doa katika nguo. Nyingine zote huzaliwa pamoja na kioo.

Mwaka wa 1405 wakuu wa kanisa la York walitaka kulijaza dirisha kubwa la mashariki. Walimwita John Thornton, fundi wa mji wa Coventry, wakaandikiana naye mapatano. Atalimaliza dirisha kwa miaka mitatu. Picha zote atazichora yeye mwenyewe mezani, na zilizo kuu atazipaka kwa mkono wake. Atalipwa shilingi 4 kila juma, na pauni 5 kila mwaka, na akiimaliza kazi vema atapewa pauni 10 zaidi. Katika fedha za siku zile shilingi 20 zilifanya pauni moja, basi mwanafunzi apendaye hesabu ataona kwamba jumla ilikuwa kama pauni 56. Askofu Walter Skirlaw wa Durham, ambaye sura yake imo katika safu ya chini, huhesabiwa kuwa ndiye aliyelipa.

Dirisha hilo lina kimo cha mita 23 na zaidi, na upana wa mita 9 na zaidi. Ukilalisha chini, litaenea kiwanja cha tenisi. Lina vipande vikubwa 311, na kila kimoja kina vioo vidogo vingi. Juu kabisa ameketi Mungu Baba na kitabu kilichoandikwa kwamba yeye ni Alfa na Omega. Chini yake ni safu tatu za Agano la Kale, zianzazo na kuumbwa kwa ulimwengu na kuishia na kifo cha Absalomu. Kisha zafuata picha 81 za Ufunuo wa Yohana: farasi wanne, nzige wenye nyuso za watu, joka mwenye vichwa saba, na mji mpya ushukao kutoka mbinguni. Yaani fundi alipewa mwanzo na mwisho wa vitu vyote, na miaka mitatu ya kuvifanya. Aliimaliza kazi mwaka wa 1408, kama alivyoahidi. Mwaka huo ameuandika juu kabisa katika dirisha, pamoja na alama ya jina lake, mahali ambapo hapana mtu wa chini awezaye kuviona.

Miaka mia moja na kitu baadaye zilikuja siku za kuvunja. Mwaka wa 1538 Mfalme Henry wa Nane aliamuru kwamba Becket asihesabiwe tena kuwa mtakatifu na sura zake ziondolewe makanisani. Mwaka wa 1547, chini ya mwanawe Edward, ikatoka amri ya kuharibu sanamu, hata zile zilizomo katika madirisha. Waliotoa amri waliamini kwamba watu wanaiabudu picha badala ya Mungu. Madirisha mengi yalivunjwa, lakini mengi yalisalimika kwa sababu isiyo ya heshima sana: kioo cheupe cha kuziba mahali pake kilikuwa ghali, na baridi ya Uingereza haingoji fedha zipatikane.

Vita vya Mfalme Charles na Bunge vilipoanza mwaka wa 1642, uvunjaji ulirudi kwa nguvu. William Dowsing alizunguka makanisa zaidi ya 250 ya Cambridgeshire na Suffolk mwaka wa 1643 na 1644, akaandika katika daftari yake idadi ya picha alizozivunja kila mahali, kama karani wa ghala. Katika Canterbury mchungaji Richard Culmer alipanda ngazi ndefu na mkuki mkononi, akaipiga mwenyewe sura ya Becket katika dirisha. Katika York mambo yalikwenda njia nyingine. Mji ulizingirwa, na mwezi wa Julai 1644 ukajitoa, lakini katika mapatano iliandikwa kwamba makanisa yasiharibiwe. Miongoni mwa majemadari wa Bunge walikuwamo Lord Fairfax na mwanawe Sir Thomas, wenyeji wa jimbo lile lile la York, nao walilishika neno hilo. Hawakuzipenda picha kuliko Dowsing alivyozipenda. Lakini neno lilikuwa limeandikwa, na dirisha la John Thornton likabaki.

Uharibifu mwingine ulikuja polepole, usiwe na mkuki wala ngazi. Matanuru ya Lorraine, yaliyokuwa yakiuza vioo vya rangi, yaliharibiwa vitani karibu na mwaka wa 1636, na mafundi wa Kiingereza wakaanza kupaka rangi juu ya kioo cheupe kama wachorao juu ya kitambaa. Kazi hiyo ilipendeza ikiwa mpya, kisha ikabambuka. Baada ya vizazi viwili au vitatu hakuwako tena ajuaye kufanya nyekundu ya zamani, na watu waliacha kuviheshimu vile wasivyoweza kuvifanya. Karibu na mwisho wa karne ya kumi na nane kanisa kuu la Salisbury lilitengenezwa na James Wyatt, naye akataka nuru zaidi. Vioo vya kale vilitolewa, vikapondwa ili risasi yake iuzwe, na vigae vikatupwa katika handaki la mji. Hapakuwa na vita wala amri ya mfalme.

Aliyeirudisha siri hakuwa fundi bali mwanasheria. Charles Winston alizoea kusafiri kwa kazi yake, na kila mji aliofika alipanda kutazama vioo vya kale na kuvinakili kwa rangi. Aliona kwamba vioo vya siku zake vilikuwa vyembamba na vimenyoka mno, nuru hupita bila kucheza ndani yake. Katika miaka ya 1850 alipeleka vigae vya kale kwa mjuzi wa kemia vikapimwe, kisha akapatana na kiwanda cha Powell huko London wajaribu kuvifanya upya. Walifaulu. Baada ya hapo kazi ilistawi kuliko wakati wowote. William Morris alianzisha kampuni yake mwaka wa 1861, na rafiki yake Edward Burne-Jones akaichorea. Madirisha yake manne ya kanisa la Mtakatifu Filipo, katika Birmingham alikozaliwa, husifiwa sana kwa nyekundu yake. Hata hivyo viwanda vingi vya wakati huo vilikuwa na desturi ya kumpa mmoja kuchora, mwingine kukata, mwingine kupaka, na mchoraji pengine hakupata hata kugusa kioo. Christopher Whall alilipinga jambo hilo, akafundisha kwamba anayechora dirisha alifanye mpaka mwisho. Wanawake nao waliingia katika kazi. Mary Lowndes alianzisha nyumba ya kazi mwaka wa 1897, ambamo msanii yeyote aliweza kupata meza, tanuru na wasaidizi.

Ndege za vita zilileta hatari mpya. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 vioo vya York viliteremshwa na kufichwa. Mojawapo ni dirisha liitwalo Dada Watano, lililofanywa karibu na mwaka wa 1250, lenye vipande zaidi ya 100,000, karibu vyote vya kijivu na kijani hafifu. Vita vilipokwisha ilitakiwa risasi mpya ya kuviunga, na ikapatikana mahali pasipotazamiwa. Chini ya mawe yaliyoanguka katika magofu ya watawa wa Rievaulx wachimbuzi walikuta matofali ya risasi. Watu wa Mfalme Henry waliibomoa nyumba ile mwaka wa 1538, wakayeyusha risasi ya paa, kisha ukuta ukaifunika kabla hawajaichukua. Kwa risasi hiyo Dada Watano waliungwa tena, na mwaka wa 1925 dirisha likawekwa wakfu kwa kumbukumbu ya wanawake zaidi ya 1,400 waliokufa katika vita vile.

Vita vya pili vilipokuja, vioo vya Canterbury, York na Cambridge viliteremshwa tena. Kanisa kuu la Coventry, mji wa John Thornton, liliungua kwa mabomu usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, likabaki kuta tu. Kanisa jipya lililojengwa kando yake liliwekwa wakfu mwaka wa 1962. Penye kisima cha ubatizo kuna dirisha lenye vioo 195, lililochorwa na John Piper na kufanywa na Patrick Reyntiens. Halina sura ya mtu yeyote. Rangi nzito ziko pembeni, na katikati ni nyeupe na manjano tu, kama jua lililofunuliwa na wingu.

Dirisha kubwa la Thornton lilirudishwa mahali pake baada ya vita, likiwa na risasi nyingi zilizoongezwa kushika nyufa, hata nyuso nyingine zilikuwa kama zimefungwa kamba. Kuanzia mwaka wa 2008 mafundi wa York waliliteremsha tena. Walitoa risasi zisizokuwa zake, wakaziunga nyufa kwa gundi isiyoonekana, wakavisafisha vioo kimoja kimoja, na nje yake wakatia kioo kingine cha kuzuia mvua na jua kali. Kipande cha mwisho kilirudishwa mwaka wa 2018. Kazi aliyoifanya Thornton kwa miaka mitatu iliwachukua miaka kumi kuitengeneza, ingawa walikuwa na vyombo asivyopata kuviota.

Mafundi hao wakihitaji kipande kipya, kilichopulizwa kwa kinywa kama cha zamani, hawawezi kukipata kwao tena. Karakana ya mwisho katika Uingereza iliyokuwa ikifanya mabamba ya namna hiyo imeacha, na mwaka wa 2023 kazi hiyo iliandikwa katika orodha ya kazi za mikono zilizokufa katika nchi ile. Kioo chekundu sasa huagizwa kutoka Waldsassen, katika Ujerumani, au kutoka Saint-Just, katika Ufaransa, nacho huvuka bahari kama wale mafundi wa Benedict Biscop.